Mwezi Usio wa Kawaida: Maoni Kuhusu Jina la Valetudo na Wajibu wa Waundaji Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Julai 2018 wanaastronomia wakiongozwa na Scott Sheppard wa Taasisi ya Carnegie, Marekani, walitangaza kundi la miezi mipya ya sayari ya Mshtarii. Mmojawapo ulikuwa na kipenyo kinachokadiriwa kuwa kilomita moja tu. Mwezi huo uko umbali wa takriban kilomita milioni 19 kutoka kwenye sayari yake, yaani karibu mara 50 ya umbali uliopo kati ya Dunia na Mwezi wetu. Mwaka huohuo ukapewa jina la Valetudo, mungu wa kike wa afya katika imani za Warumi wa kale.

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza: jiwe la kilomita moja, lisiloonekana ila kwa darubini kubwa, linawahusu nini wanaisimu wa Kiswahili? Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo. Tunadai kwamba mwezi huu na wenzake unaibua masuala matatu ambayo taaluma yetu haiwezi kuyakwepa. La kwanza ni namna ya kuunda istilahi pale ambapo istilahi ya lugha chanzi yenyewe ina kasoro. La pili ni namna ya kupokea majina ya pekee ambayo maumbo yake yamebebeshwa maana. La tatu ni nafasi ya lugha zetu katika kazi ya kutoa majina ya vitu vilivyogunduliwa na wengine. Msimamo wetu ni kwamba la kwanza ndilo lenye uzito zaidi, ingawa ndilo linalozungumzwa kwa uchache zaidi.

2.0 Dhana Yenyewe

Kabla ya kuijadili istilahi ni lazima dhana ifahamike. Sayari kubwa nne za nje, yaani Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptune, zina miezi ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ile inayozunguka karibu na sayari, katika obiti zinazokaribia duara, sambamba au karibu sambamba na ikweta ya sayari, na kuelekea upande uleule ambao sayari yenyewe hujizungushia. Miezi minne aliyoiona Galileo mwezi Januari 1610 ni ya aina hiyo.

Aina ya pili ni tofauti kwa kila hali. Obiti zake ziko mbali mno na sayari, zina umbo la duaradufu lililorefuka, na zimeinama sana. Mingi kati ya miezi hiyo huzunguka kinyume na mwendo wa sayari. Iko mbali kiasi kwamba mvuto wa Jua huyumbisha obiti zake kwa nguvu kuliko athari ya umbo la sayari yenyewe. Wanaastronomia wengi wanaamini kwamba miezi hii haikuzaliwa pamoja na sayari zake, bali ilikuwa ikilizunguka Jua kabla ya kunaswa, na kwamba mingi ni vipande vya miezi mikubwa zaidi iliyovunjika kwa kugongana.

Mfano wa awali ni Phoebe wa Zohali. Mwezi huo ulitangazwa na William Henry Pickering mwaka 1899, kutokana na picha zilizopigwa mwaka 1898 katika kituo cha uchunguzi karibu na Arequipa, Peru. Ndio mwezi wa kwanza kugunduliwa kwa njia ya picha badala ya jicho kwenye darubini. Mwaka 1908 Philibert Melotte aliugundua huko Greenwich mwezi wa Mshtarii unaoitwa leo Pasiphae, ambao nao huenda kinyume.

Valetudo ni wa aina hii ya pili, lakini una upekee wake. Unazunguka kufuata mwendo wa Mshtarii, ilhali njia yake inapita katika eneo linalotawaliwa na miezi inayokwenda kinyume. Kwa hiyo uko katika hatari ya kukutana uso kwa uso na mmojawapo. Wagunduzi wake walitoa maoni kwamba huenda ni mabaki ya mwezi mkubwa zaidi uliosagika kwa migongano ya namna hiyo.

3.0 Kasoro ya Tafsiri Sisisi

Kwa Kiingereza aina hii ya pili huitwa kwa kivumishi chenye maana ya kitu kisicho cha kawaida au kisichofuata kanuni. Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na istilahi hiyo huvutwa mara moja na tafsiri sisisi: miezi isiyo ya kawaida. Mwingine, akifikiri kwamba kivumishi hicho kinahusu sura ya kitu, huandika miezi yenye umbo lisilo la kawaida. Tafsiri zote mbili zina walakini, nasi tutaanza na hiyo ya umbo kwa sababu kosa lake ni rahisi kuthibitisha.

Phoebe una kipenyo cha kilomita zipatazo 213. Picha zilizochukuliwa na chombo cha Cassini tarehe 11 Juni 2004 zilionyesha kwamba sura yake inakaribia tufe, ingawa umejaa makovu ya kugongwa. Hata hivyo, unahesabiwa katika aina ya pili. Kwa upande mwingine, Amalthea wa Mshtarii umerefuka mithili ya kiazi, urefu wake ukiwa kilomita zipatazo 250 na unene wake karibu nusu ya hizo. Licha ya sura hiyo, unahesabiwa katika aina ya kwanza. Ni dhahiri kwamba kinachotofautisha aina hizi ni obiti. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa tafsiri ya umbo atazipanga mbingu kinyume na zilivyo, na hakuna kitu ndani ya istilahi hiyo kitakachomrekebisha.

Tafsiri ya "isiyo ya kawaida" ina kasoro iliyojificha zaidi. Kufikia mwishoni mwa Aprili 2025 Mshtarii ilikuwa na miezi 97 inayotambuliwa. Kati ya hiyo, miezi ya aina ya kwanza ni 8 tu: Metis, Adrastea, Amalthea, Thebe, Io, Europa, Ganymede na Callisto. Iliyobaki 89 yote ni ya aina ya pili. Kwa Zohali hali ni hiyohiyo. Mwezi Machi 2025 ilitambuliwa miezi mipya 128 kwa mpigo, na jumla ikafika 274. Miezi ya aina ya kwanza katika jumla hiyo ni 24. Swali ni hili: ikiwa katika kila miezi kumi ya Mshtarii takriban tisa ni "isiyo ya kawaida," kawaida iko wapi?

Jibu la kihistoria ni kwamba istilahi hiyo ilizaliwa wakati miezi ya aina hiyo ilikuwa michache inayohesabika kwa vidole. Maarifa yamekua, istilahi imebaki. Kiingereza kimeurithi mzigo huo wala hakiwezi kuutua kwa urahisi, kwa kuwa istilahi imeshakomaa katika maandishi ya miaka mingi. Lakini Kiswahili hakina deni hilo. Kuchelewa kwetu katika uwanja huu, jambo ambalo mara nyingi hulalamikiwa, hapa kunatupa nafasi ambayo waliotangulia hawana: tunaweza kuitaja dhana kama inavyojulikana leo. Kuiga kasoro ambayo mwenyewe angeiacha kama angeweza si uaminifu wa kitafsiri. Ni uvivu.

Ipo sababu ya tatu, nayo ni ya kiisimu zaidi. Istilahi inayojengwa juu ya ukanushi hueleza kitu kisivyo na kukaa kimya kuhusu kilivyo. Aidha, ni nzito kuinyambua. Kutokana na "mwezi usio wa kawaida" hatuwezi kupata nomino dhahania wala kivumishi kifupi bila kuongeza maneno mengine yasiyo na mwisho. Istilahi njema huzaa, ilhali maelezo marefu hubaki yalivyo.

4.0 Mapendekezo na Ubishi Unaoweza Kuibuka

Njia moja iliyo wazi ni kuiita miezi hii kwa asili yake. Kiswahili kina utajiri katika eneo hili: mateka, mlowezi, mhamiaji. Mwezi mlowezi ni istilahi yenye mvuto, na yamkini wanafunzi wangeikumbuka kwa urahisi. Hata hivyo tunaikataa. Kwanza, kunaswa kwa miezi hiyo ni nadharia, japo nadharia yenye nguvu. Istilahi inayofungamana na nadharia ya chanzo huanguka pamoja na nadharia hiyo. Pili, kipande kilichomeguka hukohuko Mshtarii kutokana na mgongano hakikunaswa chenyewe. Kilichonaswa ni mzazi wake. Tatu, neno mlowezi lina kumbukumbu chungu katika historia ya Afrika ya Mashariki, na kumbukumbu hiyo ingeingia darasani pamoja nalo bila kualikwa.

Pendekezo letu ni kufuata kinachoonekana na kupimika. Miezi ya aina ya kwanza na iitwe miezi ya karibu, na ya aina ya pili miezi ya pembezoni. Neno pembezoni lina sifa mbili zinazofaa. Linaeleza mahali, jambo ambalo ndilo chanzo cha tabia nyingine zote za miezi hii, kwa kuwa ni umbali huo unaoiruhusu kuyumbishwa na Jua. Aidha, halidai lolote kuhusu namna miezi hiyo ilivyofika huko.

Kuhusu mwelekeo wa mzunguko, tunapendekeza jozi ya fuasi na kinzani: mwezi fuasi ni ule unaozunguka kufuata mwendo wa sayari yake, na mwezi kinzani ni ule unaokwenda kinyume. Kinzani limeshazoeleka katika taaluma nyingine, na fuasi linatokana na mzizi uleule wa mfuasi na ufuasi. Tunaonya dhidi ya matumizi ya kirai "mwendo wa kurudi nyuma" kwa dhana hii. Kirai hicho kinafaa kwa jambo jingine kabisa, yaani hali ambapo sayari, ikitazamwa kutoka duniani, huonekana kwa muda kama inarudi nyuma miongoni mwa nyota. Hiyo ni sura tu inayotokana na mwendo wa Dunia yetu. Mwezi kinzani haurudi nyuma kamwe. Unakwenda mbele upande mwingine. Kuzifunika dhana mbili kwa istilahi moja ni kumwandalia mwanafunzi mtego.

Ubishi mmoja wa haki lazima ushughulikiwe. Mwezi mkubwa wa Neptune, Triton, ni kinzani na wengi wanaamini ulinaswa, lakini uko umbali wa kilomita zipatazo 355,000 tu kutoka kwenye sayari yake. Hauwezi kuitwa wa pembezoni bila kulipindisha neno. Tunakiri hivyo, lakini hatuoni kwamba hoja hii inaivunja istilahi. Wanaastronomia wenyewe wanatofautiana kama Triton uhesabiwe katika aina ya pili au usihesabiwe. Istilahi isiyomeza mfano ambao wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu yake haijapungukiwa kitu. Triton utaitwa mwezi kinzani, na hapo utakuwa umesemwa ulivyo.

5.0 Irabu ya Mwisho

Tugeukie sasa majina ya pekee. Kwa miongo mingi miezi ya pembezoni ya Mshtarii ilitajwa kwa tarakimu za Kirumi kulingana na zamu ya kugunduliwa. Mwaka 1975 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa majina rasmi kutoka katika visasili vya Kigiriki. Katika utaratibu huo kuna kanuni ambayo mwanaisimu hawezi kuipita bila kusimama: majina ya miezi fuasi huishia kwa irabu a, na ya miezi kinzani huishia kwa irabu e. Himalia, Elara, Lysithea na Leda ni fuasi. Pasiphae, Sinope, Carme na Ananke ni kinzani. Kanuni hiyo imedumu. Mwaka 2019, watu wa kawaida walipoalikwa kupendekeza majina ya miezi mitano, walielekezwa kuifuata, na yakapatikana majina ya Pandia na Ersa kwa miezi fuasi, na Eirene, Eupheme na Philophrosyne kwa miezi kinzani.

Katika Kigiriki cha kale tofauti hii ya irabu mwishoni mwa nomino za kike haikuwa na maana yoyote ya mwelekeo. Ilitokana na mazingira ya kifonolojia na tofauti za lahaja. Kwa hiyo kilichofanyika mwaka 1975 ni kuichukua tofauti ya sauti isiyo na maana na kuigeuza kuwa mofimu. Ni nadra kwa mwanaisimu kuujua mwaka hasa ambao kiambishi kilianza kubeba maana. Hapa mwaka huo umeandikwa.

Valetudo haukuishia kwa a wala e. Irabu o imetengwa kwa miezi michache ambayo mwinamo wa obiti zake umezidi ule wa kundi kubwa: Themisto, Carpo, na Valetudo wenyewe. Kwa Neptune irabu hiyo inatumika pande zote mbili, kwani Sao ni fuasi na Neso ni kinzani. Maana yake ni kwamba o haisemi lolote kuhusu mwelekeo. Inasema kuhusu mwinamo.

Nani aliye tayari zaidi kuuelewa utaratibu huu kuliko mzungumzaji wa Kiswahili? Lugha yetu huibadili maana ya kitenzi kwa irabu ya mwisho peke yake: anasoma, asome, hasomi. Huunda nomino kwa njia hiyohiyo: kutokana na cheza hupatikana mchezo, na kutokana na penda hupatikana pendo na mpenzi. Mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa akiambiwa kwamba a ni fuasi, e ni kinzani na o ni mwinamo mkubwa, atalipokea jambo hilo kama kitu cha nyumbani. Mzungumzaji wa lugha ambayo irabu zake za mwisho hufifia au hazitamkwi ndiye atakayehitaji kukariri.

Hapa ndipo ilipo hatari. Majina haya hutufikia kwa kupitia matamshi ya Kiingereza, ambayo huitamka e ya mwisho karibu na i. Mwandishi anayefuata sikio ataandika Karmi, Sinopi, Ananki. Kwa tendo hilo moja mofimu yote imefutwa, na jina lililokuwa limebeba habari limebaki kelele. Kwa maoni yetu, majina ya pekee ya miezi yaandikwe kama yalivyo katika orodha rasmi, na yasomwe kwa irabu za Kiswahili: Carme isikike kama Karme, kwa e kamili. Endapo kitabu cha watoto kitahitaji tahajia ya Kiswahili, konsonanti zinaweza kubadilishwa bila madhara, lakini irabu ya mwisho isiguswe. Kanuni hii ni nyepesi, nayo ingefaa kutajwa katika miongozo ya uhariri ya wachapishaji wa vitabu vya shule.

6.0 Mwezi na Miezi

Suala jingine la kisarufi ni neno mwezi lenyewe. Tuitazame sentensi hii: Mwezi huu hukamilisha mzunguko wake kwa miezi minane. Sentensi ni sahihi, na ni ya kweli kuhusu Himalia, ambao huchukua siku zipatazo 250. Lakini mwezi wa kwanza ni kitu na wa pili ni muda. Wapo wanaopendekeza kwamba utata huu uondolewe kwa kutumia neno setilaiti. Hatukubaliani nao. Setilaiti katika matumizi ya leo ni chombo kilichotengenezwa na binadamu. Kulirudisha kwa miezi ya asili ni kuondoa utata mdogo na kuleta mkubwa. Inatosha kwamba, katika maandishi ya fani hii, muda wa mzunguko utajwe kwa siku au miaka. Hivyo tutasema kwamba Valetudo hutumia takriban mwaka mmoja na nusu kuizunguka Mshtarii, na mwezi utabaki kuwa mwezi.

Upatanisho nao unahitaji kauli moja. Je, tuseme Valetudo anazunguka, inazunguka au unazunguka? Kwa kuwa jina hilo ni la mungu wa kike, wengine watavutwa na upatanisho wa viumbe hai. Tunaona ni busara jina lifuate nomino kuu iliyofichika, yaani mwezi. Kwa hiyo unazunguka. Vivyo hivyo, Mshtarii inazunguka, kwa kufuata sayari. Anayezungumzia visasili vyenyewe atumie upatanisho wa mtu, na tofauti hiyo itamsaidia msomaji kujua kama anasimuliwa hadithi au anafundishwa fizikia.

7.0 Je, Tupeleke Majina Yetu Angani?

Linabaki swali ambalo huamsha hisia kuliko yote: je, si wakati sasa wa majina ya Kiswahili kuwekwa angani? Njia si ngeni. Miezi ya pembezoni ya Zohali iliyogunduliwa mwaka 2000 ilipewa majina nje ya hazina ya Wagiriki na Warumi. Mwanaastronomia J. J. Kavelaars wa Kanada alipata msaada wa mwandishi wa Kiinuiti, Michael Kusugak, na leo kundi zima la miezi fuasi lina majina ya Kiinuiti: Kiviuq, Ijiraq, Paaliaq, Siarnaq. Kundi jingine la miezi fuasi lina majina ya visasili vya Wagaulia, na miezi kinzani, ukiacha Phoebe, ina majina ya visasili vya Skandinavia. Inafaa kuona kwamba Zohali hutumia asili ya mzizi kufanya kazi ambayo Mshtarii huifanya kwa kiishio: ukiijua lugha iliyotoa jina, umelijua kundi la obiti.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliyakubali majina ya Kimaasai Orkaria na Enaiposha kwa nyota GJ 1214 na sayari yake, kutokana na pendekezo la kundi la Kenya. Hilo ni jambo la kujivunia. Wapo watakaosema kwamba, maadam majina ya miezi ya Zohali ni ya majitu ya masimulizi, Fumo Liongo wa pwani yetu naye anastahili. Hatuna ugomvi na fikra hiyo.

Hata hivyo tunaiweka mahali pake. Jina la pekee ni heshima. Istilahi ni chombo cha kazi. Liongo akiwekwa angani leo, mwalimu wa Tabora bado hatakuwa na neno la kumweleza mwanafunzi wake huo mwezi wa Liongo ni wa aina gani na unaelekea upande upi. Lugha inaweza kuwa na majina mengi angani na isiwe na uwezo wa kuifundisha anga hiyo. Tunashawishika kuona kwamba shangwe ya majina hupendwa kwa sababu haidai kazi: hupigwa kura, hutangazwa, kisha watu hurudi nyumbani. Istilahi hudai vikao, ubishi, majaribio darasani na uhariri wa vitabu mwaka hadi mwaka.

Wala hatukosi msingi. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina tuliyoyapata zamani kwa njia ya Kiarabu, na Kilimia ni jina letu lenye mzizi wa lima, ambalo huliunganisha kundi la nyota na kazi ya shamba. Lakini tunao pia mfano wa tahadhari. Katika baadhi ya vitabu vya shule majina kama Kausi na Sumbula, ambayo ni ya buruji, yamewahi kutumiwa kana kwamba ni ya sayari. Majina yalikuwapo na yalikuwa mazuri; kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila jina linataja nini. Kosa la namna hiyo likishaingia darasani huchukua kizazi kulitoa.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi iliyozoeleka kwa miezi kama Valetudo ina kasoro katika lugha chanzi, na kwamba tafsiri sisisi huihamisha kasoro hiyo na kuiongezea nyingine. Tumependekeza istilahi nne: miezi ya karibu na miezi ya pembezoni, mwezi fuasi na mwezi kinzani. Tumependekeza pia irabu ya mwisho ya majina ya miezi ihifadhiwe, muda wa mizunguko utajwe kwa siku au miaka, na upatanisho wa jina ufuate nomino yake kuu.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Vyombo vyenye mamlaka ya usanifishaji, BAKITA na BAKIZA, vina taratibu zake, na walimu wa fizikia na jiografia wana uzoefu ambao sisi wanaisimu hatuna. Tunachokidai ni mpangilio wa kazi. Orodha za istilahi zinazoandaliwa na wanaisimu bila mtaalamu wa fani, au na mtaalamu wa fani bila mwanaisimu, ndizo zilizotupa buruji mahali pa sayari. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kufanya kazi yenye manufaa ya kudumu kwa kuikagua istilahi moja moja ya fani hii, wakianza na swali jepesi ambalo kila istilahi iliyotafsiriwa inapaswa kuulizwa: je, bado ni kweli?

Kuna mamia ya miezi ya pembezoni iliyokwisha kutambuliwa, na mingi kati yake haina jina bado. Darubini zinaongezeka uwezo, na hesabu itapanda tena. Kiswahili hakitaulizwa kama kiko tayari. Kitakuta tu kwamba mwanafunzi ameshika kitabu, na kwamba katika kitabu hicho mwezi ulio mmoja kati ya tisini umeitwa usio wa kawaida.